Mkate Mtamu wa Mdalasini wa Haraka, Usiosubiri Hamira

Mkate huu hauumuki kwa hamira bali kwa beking pauda na beking soda. Hakuna kukanda, hakuna kufunika donge na kulisubiri liumuke. Kuanzia kupima unga hadi kuutoa mkate motoni ni kama saa moja na robo, na kazi ya mikono haizidi dakika 20. Ipo faida nyingine: mdalasini na hamira havipatani. Kemikali inayoupa mdalasini harufu na ukali wake, yaani sinamaldehaidi, huidhoofisha hamira, ndiyo maana donge la hamira lililotiwa mdalasini mwingi huumuka polepole na mkate wake hutoka mzito. Beking pauda na soda si viumbe hai, kwa hiyo hazidhuriki. Hapa unaweza kutia mdalasini wa kutosha kweli, si wa kupaka rangi tu.

Sharti la haraka hii ni moja, nalo halina msamaha: moto uwe tayari kabla unga haujakutana na mtindi. Soda huanza kutoa hewa mara tu inapogusana na mtindi. Ukichanganya kwanza ndipo ukakumbuka kuwasha oveni, hewa hiyo itatoroka bakulini na mkate utabaki umelala.

Mahitaji ya mkate mmoja

Kikombe ni cha mililita 250. Vijiko vyote visawazishwe kwa mgongo wa kisu, visijazwe kilima.

Kwa rojo:
- Unga wa ngano mweupe, gramu 250 (vikombe 2)
- Sukari, gramu 150 (robo tatu ya kikombe, isijae sana)
- Beking pauda, kijiko cha chai 1
- Beking soda, nusu kijiko cha chai
- Chumvi, nusu kijiko cha chai
- Mdalasini wa unga, kijiko cha chai 1
- Mtindi usio na sukari, mililita 250 (kikombe 1)
- Yai 1 kubwa
- Mafuta ya kupikia yasiyo na harufu, mililita 80 (theluthi ya kikombe)
- Vanila, kijiko cha chai 1, ukipenda

Kwa tabaka la katikati na la juu:
- Sukari ya kahawia, gramu 70 (theluthi ya kikombe)
- Mdalasini wa unga, kijiko cha chakula 1
- Unga wa ngano, kijiko cha chakula 1
- Chumvi, chembe chache

Chombo kiwe cha mkate, kama sentimita 23 kwa 13, kina cha 6 au 7. Usipokuwa nacho, sufuria ya mviringo yenye kipenyo cha sentimita 20 ina eneo karibu sawa na hilo, nayo hufaa.

Mdalasini wenyewe

Hapa ndipo mkate huu hupata au hupoteza jina lake. Masokoni kuna magome ya aina mbili yanayouzwa kwa jina moja. Mdalasini wa kweli, unaolimwa Sri Lanka na pia katika mashamba ya viungo Unguja na Pemba, ni magome membamba yaliyokunjwa tabaka juu ya tabaka. Ukikibana kijiti kwa vidole kinavunjika, na rangi yake ni ya udongo uliopauka. Kasia ni gome nene, gumu, lililojikunja mara moja tu na lenye rangi nyekundu ya kahawia. Harufu ya wa kweli ni laini na ina utamu. Ya kasia ni kali na inachoma kidogo ulimini. Zote mbili zinafaa kwa mkate. Kasia huvumilia moto na sukari nyingi vizuri, na watu wengi wanaposema "mkate huu una mdalasini" ladha wanayoifikiria ni ya kasia. Tatizo lake ni kwamba ina kumarini, kemikali ya asili ya gome, nyingi kuliko mdalasini wa kweli, na kumarini ikiliwa kwa wingi kila siku huweza kulidhuru ini. Kipande cha mara mojamoja hakina shida, lakini kama mkate huu utakuwa wa watoto kila asubuhi, tafuta magome membamba.

Mdalasini uliosagwa kiwandani na kukaa dukani miezi mingi hubaki rangi bila harufu. Mwaga kidogo kiganjani, sugua, nusa. Ikikulazimu kuleta pua karibu kabisa ndipo upate harufu, huo haufai, na kuongeza kipimo hakutausaidia; utaongeza ungaunga wa gome tu. Afadhali ununue vijiti. Kwa mkate huu wote unahitaji takriban gramu 10. Viweke kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika moja au mbili mpaka viwe vikavu na harufu ianze kupanda, viache vipoe, kisha vitwange kwenye kinu au visage kwenye mashine kavu ya viungo. Chekecha kwa chekecheo la matundu madogo. Usiruke hatua hii: chenga za gome hazilainiki mkateni, na mtu akizitafuna huzihisi kama mchanga.

Harufu ya mdalasini huingia kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Kwa hiyo kile kijiko cha chai cha rojo usikitie kwenye unga. Pasha mafuta ya mkate moto mdogo sana, tia mdalasini, koroga kwa nusu dakika, ondoa jikoni na uache yapoe hadi uweze kuyagusa. Mafuta yakianza kutoa moshi au mdalasini ukageuka mweusi, mwaga na uanze upya, maana uchungu huo hautafichika.

Vitu vingine vya kuangalia kabla ya kuanza

*Unga.* Tumia unga wa kawaida wa chapati na maandazi. Pakiti ikionyesha protini gramu 9 hadi 11 kwa kila gramu 100 ni sawa. Unga wenye protini nyingi zaidi, unaouzwa kwa ajili ya mikate ya hamira, hutengeneza glutini nyingi, yaani protini ya ngano inayovutika, na kuufanya mkate huu kuwa mgumu wa kutafuna. Kama umenunua unga uliokwisha kuchanganywa na beking pauda kiwandani, acha beking pauda na chumvi, lakini soda ibaki. Usichote unga kwa kikombe moja kwa moja kutoka mfukoni, kwa kuwa hushindiliwa na kikombe kimoja kinaweza kubeba gramu 150 badala ya 125. Utikise kwanza, ujaze kikombe kwa kijiko, usawazishe. Tofauti ya gramu 50 katika vikombe viwili inatosha kuukausha mkate wote.

*Soda.* Inayotakiwa ni ya kuokea, ya pakiti, ambayo maduka mengine huiita bikaboneti na mengine magadi soda. Usiweke magadi ya mawe yanayolainishia maharage au yanayouzwa na tumbaku. Magadi hayo, yanayotoka katika Ziwa Natron na Ziwa Magadi, yana kabonati ya sodiamu kwa wingi. Ni makali zaidi, hupimika kwa shida, na mkate utaonja sabuni na kugeuka rangi ya manjano.

Katika unyevu wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, beking pauda iliyofunguliwa huchoka mapema kuliko tarehe ya kopo inavyosema. Ijaribu: kijiko cha chai kwenye robo kikombe cha maji ya moto. Itoe povu papo hapo kwa nguvu. Soda ijaribu kwa siki au maji ya ndimu. Kama inatoa mapovu machache ya kujivuta, usiitumie.

*Mtindi.* Maziwa mgando, mtindi au maziwa lala, yote ni sawa mradi hayana sukari wala ladha. Kazi yake si utamu tu. Uchachu wake ndio unaoiamsha soda, na ndio unaoifuta ladha ya soda isibaki mdomoni. Nusu kijiko cha chai cha soda kinalingana na kikombe kimoja cha mtindi. Ukipunguza mtindi ukaweka maji, ladha hiyo itabaki. Mtindi mzito unaosimama kwenye kijiko uupunguze: mililita 180 za mtindi na 70 za maji au maziwa. Ukiwa na maziwa ya kawaida tu, weka kijiko cha chakula cha maji ya limau, ndimu au siki kikombeni, jaza maziwa hadi mililita 250, acha dakika 10. Yatakatika kidogo na kuwa na vidonge, ndivyo inavyotakiwa.

*Mafuta au siagi?* Mafuta ya maji huufanya mkate ubaki laini hata kesho yake kwa sababu hayagandi yakipoa. Siagi ina ladha bora siku ya kwanza. Ukitaka siagi, yeyusha gramu 90 na utie mdalasini humo humo. Majarini ya chumvi inakubalika. Punguza chumvi ya rojo iwe robo kijiko.

*Yai.* Likiwa la kienyeji, dogo la gramu 40 hivi, tumia mawili na upunguze mtindi kijiko kimoja cha chakula. Yai na mtindi visitumike vikiwa ndiyo kwanza vimetoka kwenye friji: vikiwa baridi sana rojo huchelewa kupata moto katikati na ganda la juu hukauka kabla mkate haujamaliza kupanda.

Hatua kwa hatua, kwa oveni

1. Washa oveni nyuzi 175 za Selsiasi, moto wa juu na chini. Kama ina feni, nyuzi 160. Ipe dakika 15 hadi 20 kamili. Taa kuzima haimaanishi kuta zimepata joto. Rafu iwe katikati.

2. Paka chombo mafuta, kisha tandika karatasi ya kuokea ikipita chini na pande mbili ndefu, iachwe imejitokeza juu sentimita 3 kila upande. Hizo ndizo shikio za kuinulia mkate. Sukari ya tabaka huyeyuka na kuganda kama gundi. Chombo kilichopakwa mafuta peke yake mara nyingi hukwama.

3. Changanya sukari ya kahawia, mdalasini, kijiko cha unga na chembe za chumvi za lile tabaka. Vunja mabonge kwa vidole. Weka kando.

4. Kwenye bakuli kubwa chekecha unga, beking pauda, soda na chumvi. Koroga kwa mchapo wa kupigia mayai nusu dakika. Soda ikibaki na kibonge, mtu mmoja atakula kipande chenye doa la kahawia na uchungu mkali.

5. Kwenye bakuli la pili piga yai, tia mtindi, sukari na vanila, na ukoroge dakika moja hadi mbili. Sukari ya madukani kwetu ina chembe kubwa, na ikitiwa kwenye unga mkavu haiyeyuki yote. Huacha vidoadoa vya kahawia juu ya mkate. Iyeyuke hapa. Malizia na mafuta yenye mdalasini.

6. Hakikisha oveni imefika joto. Sasa fanya shimo katikati ya unga, mimina majimaji yote kwa mara moja, na uchanganye kwa mwiko ukifagia kutoka chini kwenda juu, huku ukilizungusha bakuli. Mikunjo 12 hadi 15 yatosha. Acha pale unga mkavu unapotoweka. Rojo litakuwa zito, lenye vibonge vidogo kama punje za maharage, likianza kujaa hewa. Viache. Hapa ndipo mikono yenye bidii huharibu mkate: kila mkorogo wa ziada unajenga glutini, na glutini hutoboa mahandaki marefu ndani na kuufanya mkate uwe kama mpira. Usitumie mashine.

7. Mimina theluthi moja ya rojo, lisambaze hadi kona. Nyunyiza theluthi ya sukari ya mdalasini, ukiacha ukingo mtupu wa sentimita 1 kuzunguka chombo. Ongeza theluthi ya pili ya rojo kwa kijiko, vipande vipande, kisha uvisambaze polepole. Nyunyiza theluthi nyingine. Funika na rojo lililobaki.

8. Chovya kisu butu hadi karibu na chini, kipitishe kwa mwendo wa nyoka kutoka ncha moja hadi nyingine, mara moja kwenda na mara moja kurudi. Basi. Ukizidisha, tabaka linachanganyika na rojo, nawe utakata mkate wa kahawia usio na mistari.

9. Nyunyiza sukari ya mdalasini iliyosalia juu. Kama unapenda ganda linalovunjika, dondoshea juu yake kijiko kimoja cha chakula cha siagi iliyoyeyuka. Siagi hiyo iishie juu. Watu wengi huitia katikati pia, na ndiyo inayofanya mkate ufunguke kama kitabu wakati wa kukata, kwa kuwa mafuta huzuia rojo la juu lisishikane na la chini. Kile kijiko cha unga kwenye tabaka kinafanya kazi ya kinyume: hunyonya sukari inapoyeyuka ili isizame, na huunganisha pande mbili.

10. Ingiza mara moja. Usifungue mlango dakika 35 za mwanzo. Baada ya hapo, kama juu pamekuwa kahawia iliyokolea, funika kwa foili bila kuibana. Anza kupima dakika ya 45. Mikate mingi huiva kati ya dakika 50 na 58.

Upimaji wa mkate huu una mtego. Kijiti kikipita kwenye tabaka hutoka na utandu wa sukari nyevu, ukadhani rojo bado bichi, ukaendelea kuoka mpaka ukakauka. Choma sehemu tatu tofauti. Utandu wa kahawia unaong'aa ni sukari. Ute mweupe au wa krimu ni rojo bichi. Bonyeza pia katikati kwa kidole: pakirudi, pameiva. Kipimajoto ukiwa nacho kitamaliza ubishi: katikati pasomeke nyuzi 96 hadi 98 kwa aliye pwani.

11. Acha mkate chomboni dakika 10 hadi 15, usipungue wala kuzidi. Mapema zaidi utavunjika. Ukichelewa, sukari itaganda pembeni na mvuke utalowesha chini. Inua kwa karatasi, weka juu ya waya upate hewa pande zote. Subiri saa moja kabla ya kukata. Mkate ukiwa wa moto bado unaiva ndani. Ukiukata mvuke hutoka ghafla na nyama yake hunata kwenye kisu.

Mng'aro wa sukari si lazima, maana tayari juu pana ganda tamu. Kama ni wa sherehe, changanya gramu 100 za sukari laini ya unga na kijiko kimoja cha chakula cha maziwa, ongeza tone kwa tone mpaka utiririke polepole kutoka kijikoni, umwagie mkate uliopoa kabisa. Ukiwa bado na joto, mng'aro utanyonywa na kupotea.

Kwa sufuria na mkaa

Wapishi wa mkate wa kumimina na keki ya mkaa wanaijua kanuni hii: moto mdogo chini, mwingi juu. Joto la chini linagusa chuma moja kwa moja, la juu linapita hewani kwanza, kwa hiyo ukilinganisha vipande sawa juu na chini, chini kutaungua huku juu kukiwa na umajimaji.

Chukua sufuria kubwa nzito ya zamani, tandaza chini mchanga safi mkavu au kokoto kina cha sentimita 2. Weka kitako cha kuinulia, kama pete ya bati au mawe matatu mafupi yaliyo sawa. Funika kwa mfuniko bapa wa bati na uipashe dakika 15, makaa yakiwa mengi kidogo. Jaribu joto kwa kutia ndani kipande cha foili kilichonyunyiziwa unga: ukigeuka rangi ya dhahabu kwa dakika 5 hivi, ni moto wa wastani unaofaa. Ukiungua ndani ya dakika 2, punguza. Ukibaki mweupe baada ya dakika 8, ongeza.

Hapo ndipo uchanganye rojo, ulitie kwenye sufuria ndogo ya sentimita 20 iliyotandikwa karatasi na uiweke juu ya kile kitako. Chini acha vipande vidogo vitano au sita vya mkaa uliokwisha kushika, juu ya mfuniko weka kumi hadi kumi na viwili. Moto wa juu hupoa kwa haraka. Baada ya dakika 25 kung'uta majivu na uongeze vipande vitatu au vinne vilivyokwisha kuwaka. Majivu ni blanketi, yakifunika makaa joto haliteremki. Ukiinua mfuniko, uinue ukiwa wima na uupeleke pembeni kabisa kabla ya kutazama, majivu yasianguke. Anza kupima dakika ya 40.

Usifanye haya ndani ya chumba kilichofungwa. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua. Na usitumie sufuria yenye utando wa kutoshika kwa kazi ya kupasha ikiwa tupu.

Kwenye jiko la gesi au la umeme mpango ni huo huo wa mchanga, moto wa chini kabisa, lakini hakuna joto la juu. Mkate utaiva, dakika 55 hadi 70, ila juu utabaki mweupe na mvuke utadondoka kutoka kwenye mfuniko. Funga mfuniko kwa kitambaa safi cha kunyonya, ncha zake zikiwa zimefungwa juu mbali na moto. Kwa njia hii usinyunyize sukari juu, kwa kuwa itakuwa shira badala ya ganda. Itie yote katikati, na mng'aro ufiche weupe.

Ukiwa nyanda za juu

Nairobi iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Mbeya karibu hivyo hivyo, Kigali zaidi ya mita 1,500. Huko mgandamizo wa hewa ni mdogo: mapovu hutanuka zaidi na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Mkate hupanda kwa kasi kabla kuta zake hazijashika, kisha huanguka katikati. Punguza beking pauda iwe nusu kijiko cha chai, acha soda kama ilivyo kwa sababu inahitajika kuumaliza uchachu wa mtindi. Punguza sukari ya rojo kijiko kimoja au viwili vya chakula, ongeza mtindi vijiko viwili vya chakula, na pandisha oveni hadi nyuzi 180 au 185 ili kuta zishike mapema. Anza kupima dakika tano kabla. Usisubiri kipimajoto kifike 98. Nyuzi 92 au 93 zinatosha.

Kikiharibika, tafuta hapa

Umeanguka katikati: mara nyingi ulitolewa mapema au mlango ulifunguliwa kabla ya dakika 35. Kama uliiva vizuri na bado umeanguka, beking pauda ilizidi. Watu huongeza kijiko wakitarajia mkate upande zaidi. Mapovu yakizidi huungana, hupasuka, na mkate hushuka.

Umebaki mfupi na mzito, una mstari mnene wa ungaunga chini: rojo lilisubiri, au soda na pauda zilikuwa zimechoka. Dakika 10 mezani zinatosha kuleta hali hii.

Ufa mrefu juu si kosa. Ganda limeshika wakati ndani bado kunapanda, na kila mkate wa namna hii hupasuka. Ukipasuka upande mmoja tu na kuinama, oveni ina joto lisilo sawa. Geuza chombo baada ya dakika 35.

Tabaka lote limezama chini: rojo lilikuwa jepesi. Lilipaswa kudondoka kutoka kwenye mwiko kwa mafungu, si kutiririka. Wakosaji wa kawaida ni mtindi mwepesi au mayai makubwa mno. Wakati mwingine ongeza vijiko viwili vya unga.

Chini umeungua na juu haujakolea: kwa oveni, panda rafu moja, kwa mkaa, ondoa vipande viwili chini na uviweke juu.

Ladha ya sabuni au ya chuma ni ya soda iliyozidi kipimo, au mtindi uliobadilishwa kwa maziwa matamu bila limau.

Mabadiliko yanayokubalika

Tui la nazi huupendeza sana mkate huu. Tumia mililita 235 za tui zito na kijiko cha chakula cha maji ya limau badala ya mtindi, kisha punguza mafuta hadi vijiko viwili vya chakula, maana tui lina mafuta yake mengi. Iliki robo kijiko cha chai, iliyotwangwa papo hapo, inakaa vizuri na mdalasini. Kungumanga chembe tu. Karafuu usiitie, huufunika mdalasini wote. Sukari guru iliyokwaruzwa inaweza kuchukua nafasi ya sukari ya kahawia kwenye tabaka, ila ina unyevu, kwa hiyo ongeza unga wa tabaka uwe kijiko kimoja na nusu. Sukari ya rojo unaweza kuipunguza hadi gramu 110. Chini ya hapo mkate hukauka, kwa kuwa sukari ndiyo inayoshika maji.

Ukishapoa, ufunge vizuri. Kwenye baridi ya Njombe au Limuru hukaa mezani siku tatu. Kwenye joto la pwani mbili, kwani unyevu huleta ukungu. Friji huuzuia ukungu lakini huukausha haraka, kwa hiyo kama ni wa wiki nzima ukate vipande, ukunje kila kimoja peke yake na uviweke kwenye friza, vinakaa miezi miwili bila kupoteza harufu. Kipande kilicholala kipashe kwenye kikaango chenye siagi kidogo, dakika moja na nusu kila upande, moto mdogo ili sukari ya tabaka isiungue.